Duke, laiboni na orkoiyot: Jina la cheo linapogeuka hukumu

Mwalimu mmoja wa historia anayefunza Bomet aliniuliza hivi majuzi: "Mwalimu, huyu William aliyekuwa Duke wa Normandy kabla ya kuitwaa Uingereza, kwa Kiswahili tumwiteje?" Wanafunzi wake walikuwa wamejaribu. Mmoja alimwandika "mfalme mdogo", mwingine "chifu", na mwingine, bila shaka kwa kuzoea siasa za kaunti, akamwita "gavana".

Tusiwacheke. Hata wafasiri wazoefu hawajakubaliana. Wapo wanaoandika "mtawala", wapo wanaoandika "mtemi", na wapo wanaoliacha neno lilivyo, wakaandika Duke basi. Kila jibu lina kasoro yake. William hakuwa mfalme pale Normandy, kwa sababu juu yake alikuwapo mfalme wa Ufaransa. Kumwita chifu ni kumpa kazi ya mtumishi wa serikali anayepokea amri kutoka kwa mkuu wa wilaya. Nalo neno mtemi lina kwao: ni cheo cha Wanyamwezi na Wasukuma, cheo cha kina Mirambo wa Urambo. Ukimpa Mnormandi, unamvika vazi lililokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Kwa maoni yangu, tatizo hili si la msamiati tu. Jina la cheo hubeba ndani yake jamii nzima: nani anamtii nani, kwa nini, na hadi wapi. Ukilikosea jina, umeikosea jamii. Wakati mwingine kosa hilo huishia darasani, likasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Wakati mwingine huandikwa kwenye sheria, na watu wakapoteza makao yao. Mwalimu yule wa Bomet hana haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Unapatikana papo hapo, kati ya michai ya Kericho na Sotik. Hebu tuziweke habari za watu wawili pamoja, tuone.

William alizaliwa Falaise, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka wa 1027 au 1028. Baba yake, Robert, alikuwa Duke wa Normandy. Mama yake, Herleva, hakuwa mke wa ndoa. Ndiposa walimwengu wakambandika mtoto jina la mwanaharamu. Robert alifariki mwaka wa 1035 akirejea kutoka hija ya Yerusalemu, cheo kikamwangukia mtoto wa miaka saba au minane. Walezi wake kadhaa waliuawa. Alipokuwa kijana, makabaila wakamwasi. Mwaka wa 1047, akisaidiwa na mfalme wa Ufaransa, aliwashinda pale Val-ès-Dunes. Kisha mnamo Oktoba 14, 1066 akamshinda Harold, mfalme wa Waingereza, katika vita vya Hastings. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo akavishwa taji Westminster.

Tangu hapo jina likabadilika. Leo vitabu vinamwita William Mshindi. Lile jina la mwanaharamu limebaki kama kichekesho cha pembeni. Kumbe jina linaweza kuoshwa, mradi mwenye jina ameshinda. Na huyu hakushinda kwa upole. Kati ya 1069 na 1070, watu wa kaskazini mwa Uingereza walipomwasi, alichoma vijiji na maghala ya nafaka, njaa ikamaliza watu. Mwishoni mwa mwaka wa 1085 akaamuru nchi ihesabiwe: mashamba, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, vinu, misitu na watu. Wenyeji wakakiita kitabu cha hesabu hiyo Domesday, yaani Siku ya Kiyama, kwa kuwa yaliyoandikwa humo hayakuwa na rufaa. Ukikifungua, unaona kwamba katika miaka ishirini tu karibu ardhi yote kubwa ilikuwa imetoka mikononi mwa Waingereza na kuingia mikononi mwa wageni.

Jambo moja zaidi kuhusu Wanormandi, kwa sababu tutalihitaji. Jina lao lina maana ya watu wa kaskazini. Babu zao walikuwa Waviking waliotoka Skandinavia wakiwa wavamizi. Kiongozi wao Rollo alipewa ardhi na mfalme wa Wafaranki mwaka wa 911. Baada ya vizazi vichache wakawa Wakristo wanaosema Kifaransa. Hakuna mwanahistoria makini atakayeandika kwamba Uingereza ilitekwa na mfalme wa Waviking mwaka wa 1066. Asili ya mtu ni jambo moja. Alivyo na anavyoitwa na watu wake ni jambo jingine.

Sasa turudi nyumbani.

Karibu mwaka wa 1890, Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na watu wake mwenyewe. Walimlaumu kwa maafa yaliyowakumba. Simulizi zinasema alikuwa amekwisha kutabiri ujio wa wageni weupe na wa nyoka wa chuma atakayepita akitema moshi. Baada ya kifo chake Wanandi waligawanyika kati ya wanawe wawili, Koitalel arap Samoei na Kipchomber arap Koilege. Kufikia 1895 upande wa Koitalel ulikuwa umeshinda. Kipchomber akaondoka na wafuasi wake, akaenda kusini kwa Wakipsigis, na huko akawa orkoiyot wao wa kwanza.

Utaona kwamba Kipchomber naye alianza kwa kunyimwa, akavuka mpaka, akapata cheo ugenini. Lakini tofauti ni kubwa. William alivuka bahari na jeshi. Kipchomber alivuka na sifa ya ukoo wake. William, kwa mujibu wa Orderic Vitalis, mtawa aliyeandika historia ya Wanormandi, alijaribu kujifunza Kiingereza ukubwani, ikamshinda. Kipchomber hakuhitaji mkalimani, maana Mnandi na Mkipsigis husikilizana. Na kubwa kuliko yote: cheo cha orkoiyot hakikuwa ufalme hata kidogo.

Orkoiyot alifanya nini, basi? Kesi za mipaka, za mifugo na za ndoa hakuamua yeye. Hizo zilikuwa za kokwet, baraza la wazee wa kijiji, na mtu aliyesifika kwa kuamua vyema aliitwa kiruogindet. Orkoiyot alitabiri. Alibariki wapiganaji kabla ya kwenda vitani au kuteka mifugo, na waliporudi salama walimpelekea sehemu ya ng'ombe. Aliweza kusema "msiende", wasiende. Cheo kilikuwa cha ukoo wa Talai, ukoo ambao mnyama wake ni simba. Watu waliuheshimu na, tuseme ukweli, waliuogopa, kwa kuwa anayeweza kubariki anaweza kulaani pia. Lakini yaliyompata Kimnyole yanaonyesha kwamba uwezo huo ulikuwa na mwisho wake. Utabiri ukienda kombo, mwenye cheo aliwajibishwa na watu wale wale waliomtii.

Mwingereza alipoingia Bonde la Ufa hakuwa na neno la kumwita mtu wa namna hiyo. Alikuwa tayari amekutana na Wamaasai na viongozi wao wa kiroho, ambao kwa Kimaasai kila mmoja huitwa oloiboni. Akalikata neno likawa "laibon", kisha akalibeba kama mfuko wa safari. Kila alipokutana na mtu anayetabiri na kubariki, alimtia humo. Orkoiyot wa Wanandi akawa laiboni, orkoiyot wa Wakipsigis akawa laiboni. Na pembeni ya neno hilo, katika maandishi ya maofisa, yakakaa maneno mengine mawili yaliyolipa rangi: mganga na mchawi.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na ana haki. Zipo simulizi zinazosema ukoo wa Talai chimbuko lake ni maloiboni wa Kimaasai waliokimbilia kwa Wanandi wakati wa vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, katika karne ya 19. Kama ni hivyo, si Mwingereza alikuwa sahihi? La. Hapa ndipo Wanormandi wanapotufaa. Kumwita orkoiyot laiboni kwa sababu babu zake walitoka Umaasaini ni sawa na kumwita William Mviking. Cheo kilikuwa kimepewa jina jipya, katika lugha nyingine, chini ya wazee wengine na desturi nyingine. Wenyewe walikiita orkoiyot. Kwa wingi, orkoik.

Kosa la jina lingeweza kubaki la jina tu, lakini halikubaki hivyo. Koitalel aliyeongoza upinzani wa Wanandi dhidi ya reli na dhidi ya ukoloni kwa miaka kumi, aliuawa Oktoba 19, 1905. Ofisa Richard Meinertzhagen alimpiga risasi katika mkutano uliodaiwa kuwa wa kutafuta amani. Mwaka huo huo jeshi la Waingereza liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, na ardhi yao nyingi ikaishia kugawiwa walowezi. Kipchomber aliendelea kuwa orkoiyot hadi 1914, serikali ilipomkamata pamoja na ndugu zake na kuwahamishia eneo la Mlima Kenya, mbali na watu waliowasikiliza. Kipchomber aliaga dunia akiwa huko uhamishoni.

Kufikia hapo, serikali ilikuwa bado inaadhibu watu kwa majina yao: Koitalel, Kipchomber. Mwaka wa 1934 ikavuka mstari. Ilipitisha sheria ambayo jina lake, kwa Kiswahili, ni Sheria ya Kuwahamisha Malaiboni. Hebu lisome jina hilo taratibu. Linatumia neno la Kimaasai kuwahamisha Wakipsigis. Linatumia cheo kana kwamba ni kabila. Na linakitia cheo hicho katika wingi.

Hapo kwenye wingi ndipo jambo lilipoharibikia. Wenye kushika cheo cha orkoiyot walikuwa wachache mno, wazee wa kuhesabika. Lakini sheria ilipotekelezwa, kati ya 1934 na miaka iliyofuata, watu takriban 700 walihamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika nchi ya joto, mbu na mbung'o. Walikuwamo akina mama, vikongwe na watoto wachanga. Mtoto wa siku arobaini hajatabiri kitu. Hajabariki vita. Hajaiba ng'ombe wa mtu, na wizi wa mifugo ndio uliokuwa shtaka kubwa dhidi ya ukoo huo. Lakini kwa mujibu wa sheria ile mtoto huyo alikuwa laiboni, na laiboni aliruhusiwa kuondolewa.

Najua kwamba wenyeji wenyewe, katika maongezi, nao huwaita watu wote wa Talai kwa jina la cheo. Hilo si ajabu. Sote tunasema "wale ni watu wa chifu" tukimaanisha mkewe, wanawe na wajukuu zake. Lugha ya mdomo inaruhusu ulegevu huo kwa sababu msikilizaji anajua mipaka yake, na akitaka anauliza. Lakini sheria si maongezi. Haina uso wa kuulizwa. Neno likishaingia humo likiwa legevu, askari hulitekeleza kama lilivyoandikwa.

Na michai? Michai inaingia hapa hapa. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilikuwa zimekwisha kuifanya ardhi kuwa mali ya serikali ya mfalme, na ile ya 1915 ikaruhusu mashamba ya walowezi kukodishwa kwa miaka 999. Ni Domesday ya aina yake, kwa sababu mwenyeji aliamka akajikuta ameandikwa kuwa mpangaji kwa babu yake. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zilianza kupanda Kericho. Watu wa Talai waliporuhusiwa kurudi kutoka Gwassi mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, nyumbani hapakuwa tena nyumbani. Mahali pa boma pamesimama mche wa chai, umekatwa ukalingana na mwenzake hadi upeo wa macho. Wengi wa uzao wao wangali hawana ardhi hadi leo.

Lugha ya nchi hiyo ya michai nayo inasimulia yote haya, ukiisikiliza. Katika Kiingereza, ng'ombe akiwa hai anaitwa kwa neno la kienyeji, "cow", kwa kuwa mchungaji alikuwa Mwingereza. Akichinjwa na kufika mezani, anaitwa "beef", kwa neno la Kifaransa, kwa kuwa aliyekaa mezani alikuwa Mnormandi. Sasa nenda Kericho. Aliye na kikapu mgongoni anachuma "majani" na kulala kwenye "laini", chini ya "nyapara", na babu yake alining'iniza "kipande" shingoni. Mkipsigis akiwa kwake anakunywa "chaik". Yote hayo ni maneno ya wanaofanya kazi. Karatasi za kukodisha ardhi ile, hadi leo, zimeandikwa Kiingereza. Mnyororo ni ule ule: wenye jasho wana neno lao, na wenye hati wana neno lao.

Lakini historia ya Waingereza ina funzo jingine ambalo huwa tunalisahau. Wanormandi walitawala, lakini Kiingereza hakikufa. Kiliendelea kusemwa jikoni na shambani, kikameza maelfu ya maneno ya Kifaransa, kikanenepa. Mwaka wa 1362, miaka karibu 300 baada ya Hastings, sheria ilitungwa kwamba kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu wananchi hawakuelewa Kifaransa cha mahakamani. Watu waliotawaliwa walirudisha neno lao mahali pa hukumu. Nasi tumo katika safari hiyo hiyo: Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ijapokuwa hukumu na hatimiliki zetu bado zinasomeka kwa Kiingereza.

Kwa nini nayasema haya sasa? Kwa sababu neno lile la 1934 halijafa. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliwapa haki Wakipsigis na Watalai katika malalamishi yao ya dhuluma za kihistoria. Mwaka wa 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kueleza wasiwasi wao. Mwaka wa 2022 kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka wa 2023 Mfalme Charles alizuru Kenya, akaeleza majuto yake kuhusu maovu ya ukoloni, ila hakuomba radhi rasmi. Katika habari za mambo hayo yote, fungua magazeti, sikiliza redio, utakuta watu hawa wanaitwa "malaiboni". Yaani tunawatetea kwa jina lile lile lililotumika kuwafukuza.

Baadhi ya vitabu vya shule navyo havijapona. Mwanafunzi anasoma kwamba Wanandi waliongozwa na "laiboni" Koitalel, kisha kesho yake, Oktoba 20, anaadhimisha Siku ya Mashujaa, siku moja tu baada ya ile aliyouawa Koitalel. Tumempa ushujaa, cheo chake tumekataa kumrudishia. William wa Normandy alioshwa jina na ushindi wake mwenyewe. Koitalel na Kipchomber hawakushinda vita, kwa hiyo kazi ya kuwaosha jina imebaki kwetu sisi tunaoandika.

Pendekezo langu kwa walimu, wahariri na wafasiri ni jepesi. Tuandike orkoiyot, na kwa wingi orkoik, tulitie katika ngeli ya A-WA pamoja na viumbe wengine, na tulieleze mara ya kwanza linapotokea. Kiswahili kimemeza liwali, kadhi, mtemi na kabaka bila kusakamwa. Hakitasakamwa na hili. Neno laiboni tuwaachie Wamaasai, ambao ni lao na wanalitumia kwa heshima. Ukoo tuuite Talai. Na tunapoitaja sheria ya 1934, tuitaje kwa jina lake kamili ndani ya alama za kunukuu, ili msomaji ajue kwamba maneno hayo ni ya aliyeitunga.

Na kwa mwalimu wa Bomet: mwandike Duke, uwaambie wanafunzi kwamba neno lilitokana na dux la Kilatini, yaani kiongozi, hasa wa jeshi, na kwamba huyu alikuwa na mfalme juu yake hadi alipojitafutia ufalme wa ng'ambo. Ukimaliza, waulize ni wangapi kati yao wanaoweza kueleza kazi ya orkoiyot. Wasipoweza, watume wakawaulize babu na nyanya zao nyumbani, warudi na majibu Jumatatu.